Pete ya Baba Chini ya Sufuria ya Maharage

Enzi zetu pete ya mpira wa kikapu haikupikiwa maharage. Ilikaa juu, mahali pake, na mtu mzima aliinua shingo kuitazama. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, siku ya soko pale Mpondwe, saa sita mchana, Biira akiwa mgongoni na Masika nimemshika mkono, tumeingia kibandani kwa Mama Baluku kutafuta chakula.

Niliinama kumfuta Masika pua, nikaona. Juu ya mafiga matatu imelazwa pete ya chuma, na juu ya pete sufuria kubwa ya maharage inatokota. Pete ilikuwa nyeusi kwa masizi. Lakini upande mmoja ilikuwa na bapa, alama ya nyundo, na karibu na bapa vivimbe vitatu vya kulehemu vimepangana kama chanjo begani. Vivimbe hivyo ni alama ya baba yangu. Hakuna chuma alichokilehemu marehemu baba bila kukiachia vivimbe vitatu.

"Mama Baluku," nikamwuliza, "hii pete mulitoa wapi?"

"Ile chuma? Bwana alileta. Iko muzuri sana, dada, sufuria haitikisiki."

Alisema bila aibu, na simlaumu, maana hakujua. Bwana wake ndiye anayejua. Bwana wake ni Kule, katibu wa chama chetu cha kahawa cha Bwera, ambaye kwa wiki nne alikuwa ananiambia pete zimeshushwa "kwa matengenezo". Mara tatu nilikwenda ofisini kwake na mtoto mgongoni. Mara tatu aliniambia, "Subiri, mama, mambo ya ofisi hayana haraka." Kumbe matengenezo yenyewe ni haya, yanatokota.

Nikachukua matambara mawili, nikaishusha sufuria chini taratibu, maana maharage hayana kosa. Wateja wakalalamika: "Ee, mama, chakula yetu!" Nikawaambia, "Chakula iko pale, kuleni. Mimi nachukua pete." Nikaimwagia beseni la maji ya kuoshea vyombo, ikalia shwaa, mvuke ukajaa kibanda kizima. Nikaifunga kwa leso, nikaitia begani. Dereva mmoja wa lori akacheka mpaka akapaliwa: "Mama, hiyo pete ni ya kidole gani?"

"Ya kidole cha bwana yako mkubwa," nikamjibu, nikatoka.

Sasa, ili mjue kwa nini mama wa watoto wawili alitembea kutoka Mpondwe mpaka ofisi ya chifu wa gombolola na chuma cha masizi begani, sina budi kuwarudisha nyuma. Wenzangu wa rika mtakumbuka. Wengine kaeni chini msikilize.

Nilikuwa na miaka kumi. Mwaka ule mto uliokuja kwa hasira kutoka mlimani uliubeba uwanja wa mpira wa kikapu wa mgodi wa shaba, huko juu ya Kasese, ukauacha mawe matupu. Timu ya mgodi ikabaki bila nyumbani, na ligi inakaribia kuanza. Wakazunguka kote, Rukoki mpaka Munkunyu, wakitafuta sakafu ya saruji yenye urefu na upana wa kutosha. Wakaipata moja tu: sakafu ya kuanikia kahawa ya chama chetu cha Bwera.

Mzee Bwambale, aliyekuwa mwenyekiti, akafikiri siku mbili, kisha akawaambia: kahawa italala hapa wiki nzima, Jumamosi mchana itapisha, na mechi ikiisha itarudi mahali pake. Nani ataipisha na kuirudisha? Watoto. Malipo yao? Kukaa mbele kabisa. Basi tukawa na kazi, na kazi ile tusingeibadilisha hata kwa sukari.

Baba alikuwa fundi wa kulehemu kule mgodini, Bwera alikuja mwisho wa wiki. Yeye ndiye aliyetengeneza pete zote mbili kwa vyuma vilivyotupwa, kwa ruhusa ya msimamizi wake, akazipigilia kwenye mbao za masanduku juu ya nguzo za mkalitusi. Siku alipozitundika alisimama chini yake muda mrefu, mikono kiunoni, kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa.

Na timu ile! Jamani, ilikuwa timu ya watu wa mshahara. Mgodi uliwaandika kazi kwa ajili ya mpira. Wengine walisainishwa stoo, wengine karakana, lakini kila mtu alijua kazi yao ni kurusha. Walitoka kila pembe: Teso, Kampala, ng'ambo ya mpaka Kongo, mmoja wao mpaka Kisumu. Mtu mzima mwenye ndevu analipwa kurusha mpira! Bibi yangu hakukubali jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Alikuja mechi ya kwanza, akatazama, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Kikapu gani hiki hakina tako? Kinaingia, kinatoka. Kutwa nzima hakijajaa. Na mtu analipwa?"

Kapteni wao tulimwita Ngazi. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu kiasi kwamba alipoingia dukani tuliona magoti kwanza. Aliwahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini. Hakujua kuomba, alijua kuamuru. "Wewe! Simama mustari! Hapana ogopa mpira, mpira hana meno!" Lakini ndiye aliyetufundisha kushika mpira. Ndiye aliyeniweka mimi, msichana, mwanzo wa mstari, na wavulana waliponung'unika akawauliza, "Nani alikusanya kahawa mingi leo? Nyinyi ama huyu?" Wakajipanga nyuma yangu.

Jumamosi za mwaka ule nikifumba macho nazisikia. Tunaamka jogoo wa pili, mama anatutia mkononi kiazi cha jana, tunakimbia bila viatu kwenye umande. Sakafu imejaa kahawa. Ile iliyoletwa jana bado nyekundu na inanata, na harufu yake ni kama ya tunda linalotaka kuwa pombe. Ile ya siku kadhaa ni ya kahawia, imeanza kukunjamana. Ile ya mwisho nyeusi, imekauka, inalia chini ya reki kama mvua juu ya bati. Desturi ilikuwa mafungu matatu, na kila fungu na alama yake: jani la mgomba juu ya mbichi, fimbo juu ya ile ya katikati, jiwe juu ya kavu. Ukichanganya, mbichi inaitia kavu maji, kavu inaota ukungu, na jasho la watu wa mlimani la miezi linaoza. Mama alitupa neno moja kila Jumamosi, mlangoni, kabla hatujatoka: "Kahawa haina macho. Macho ni yako."

Kisha tunafagia, baba anachora mistari kwa chokaa, na tunaanza kusubiri basi. Kondakta wa basi la Kasese ndiye aliyekuwa gazeti letu. Akifika anapiga kelele kabla gurudumu halijasimama: "Lori ya mgodi imepita Kikorongo!" Basi, Bwera nzima inasimama wima. Wanawake wanafunika vyungu vya bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, wanakuja navyo uwanjani. Wauza samaki wanafunga majani yao. Hata mwalimu wa dini alikuwa na ugonjwa wa Jumamosi ambao dawa yake ilikuwa uwanjani.

Nyinyi hamtaamini nikiwaambia uwanja wetu ulikuwa unainama. Sakafu ya kahawa haijengwi sawasawa, inalazwa kidogo kuelekea barabarani ili mvua ikinyesha maji yatoke. Na saruji yenyewe, baada ya kahawa kuilalia wiki nzima, ilikuwa na utelezi wa siri, hauonekani kwa macho. Watu wetu walipoteza mechi mbili za kwanza wakiwa wanaanguka kama mihogo. Mechi ya tatu wakawa wamejifunza: kipindi cha kwanza shambulia ukipanda, hifadhi pumzi. Kipindi cha pili shuka kama mto. Wageni hawakuambiwa. Kwa nini waambiwe?

Walikuja askari wa kambini, timu nzuri, viatu vinang'aa, wake zao na watoto wameletwa na lori la pili. Dakika ya kwanza watu watatu chini. Sajenti wao akasimama katikati ya uwanja akanguruma: "Nani alimwaga sabuni hapa?"

Ngazi akampigia saluti. "Hapana sabuni, afande. Ni kahawa. Iko lala hapa wiki muzima."

Uwanja mzima ukacheka, hata wake wa askari. Na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Ilikuwa miaka ambayo watu wa mlimani na watu wa serikali hawakutazamana vizuri. Mtu akimwona askari alikimbilia shambani kujificha. Lakini Jumamosi, mama mmoja wa kambini alikaa karibu na mama yangu, wakala sombe chungu kimoja, na alipoondoka alimwachia mama kipande cha sabuni. Mama akakitunza kabatini mpaka kikapasuka.

Tukashinda. Tukashinda tena. Timu ya walimu ikaja ikaondoka bila kusema kwaheri. Timu ya polisi ikasema pete zimepinda, baba akapanda akazipima kwa kamba mbele yao. Zilikuwa sawa. Sisi watoto tulianza kutembea tofauti. Shuleni tuliulizana hesabu za pointi kabla ya hesabu za mwalimu. Kule, huyuhuyu Kule wa leo, alikuwa darasa la sita, mwandiko wake mzuri kuliko wa wote, na ndiye aliyeandika pointi kwa chaki ubaoni. Alipenda timu ile mpaka aliota akilia. Sisemi uongo, dada yake alituambia.

Ikabaki mechi moja, na timu ya Kampala. Wakishinda wao, ni wa kwanza. Tukishinda sisi, ni sisi. Hakuna la tatu.

Siku hiyo wageni walifika mapema. Basi la Kasese lilikuwa limeharibika njiani, kwa hiyo hatukupata habari ya Kikorongo. Tulisikia honi tu, tukiwa bado na reki mikononi, nusu ya kahawa bado chini. Watu walikuwa wameanza kujazana, wengine wamesimama mbele yetu, mbele ya sisi wenye haki ya mbele! Kule akatazama ule ukuta wa migongo, akatazama mafungu matatu yaliyo mafupi, akaniambia, "Kabugho, tuyaweke pamoja. Fungu moja refu. Tukae juu."

Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Neno la mama lilikuwa bado sikioni. Lakini kwa mbali nilimwona Ngazi anashuka kwenye lori, na nilitaka kuona. Nikavuta reki. Nyekundu, kahawia, nyeusi, zote pamoja, mlima mmoja. Jani, fimbo na jiwe tukavitupa. Tukapanda tukakaa kileleni. Nilikaa juu ya kosa lenyewe nikashangilia.

Na mechi ilikuwa mechi! Kampala walicheza kama watu wenye mafuta kwenye viungo. Kipindi cha kwanza wao ndio walioshuka mteremko, na kijana wao mmoja akaruka, akatia mpira kwa mikono miwili, akabaki amening'inia kwenye pete ya upande wa barabarani kama popo. Pete ikainama. Refa akasema pete ikiwa hivyo mechi haiendelei, pointi zitahesabiwa zilivyo, na tulikuwa nyuma.

Baba akatoka kwenye watu na nyundo. Alikuwa mfupi, baba yangu, Mungu amrehemu, na ngazi ya mbao ilikuwa imekwenda kutumika kanisani. Ngazi mwingine akaja, akapiga goti, akasema, "Fundi, panda." Baba akapanda mabegani, Ngazi akainuka polepole, kila mkono umeshika mguu mmoja wa baba, na baba akaanza kupiga. Ko! Ko! Ko! Kila nyundo ikitua watu wanahesabu kwa sauti. Hapo ndipo lilipotokea lile bapa. Pete ikarudi, si sawa kabisa, ililala kidogo upande wa kushoto, lakini refa akaitazama akasema inatosha.

Kipindi cha pili tukashuka sisi. Wenzangu, sijawahi kupiga kelele namna ile, hata siku ya kuzaa. Bibi aliyesema kikapu hakina tako alikuwa amesimama juu ya kiti. Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira mkononi mwa Ngazi, watu watatu wamemzunguka. Hakulenga katikati. Aliurusha ukagonga ubao upande wa kushoto, juu ya lile bapa, ukaizunguka pete mara moja, ukaizunguka mara ya pili, watu wamekata pumzi, ukadondoka ndani. Filimbi. Baadaye baba akamwuliza alijuaje. Akasema, "Fundi, mimi nilibeba wewe. Niliona pete karibu kushinda mutu yote."

Sherehe sitaieleza, karatasi haitoshi. Timu ililala Bwera usiku ule, shuleni.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Bwambale akaja sakafuni kutazama kahawa. Akatia mkono kwenye ule mlima, akautoa umeshika nyekundu na nyeusi pamoja. Akaunyosha mbele yetu. Kisha akauliza, "Nani?"

Neno moja tu. Tulikuwa watoto tisa. Kule, aliyekuwa pembeni yangu, akasogea nyuma yangu. Baba yake alikuwa mtu wa fimbo, kila mtu alijua, na kahawa ya baba yake ilikuwa humo ndani pamoja na ya nusu ya mlima. Mimi nikaliangalia jiwe tulilolitupa.

Ngazi, aliyekuwa anapita na taulo shingoni, akasimama. Akatutazama, mmoja mmoja, kama gwaride. Akasema, "Ni sisi, mzee. Tulitaka uwanja mbiombio."

Hakuwepo hata! Tulipovuta reki alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye lori. Lakini akapiga makofi mara mbili, timu nzima ikaja, mabingwa wa Uganda wamepiga magoti juu ya saruji na suruali za safari, wanapanga kahawa punje kwa punje. Nyekundu ni rahisi, unaiona. Shida ni kutenganisha kavu na ile inayojifanya kavu. Hapo mama akawafundisha: itikise sikioni, ikilia imekauka, ikinyamaza bado. Nikimkumbuka Ngazi namkumbuka hivyo, jitu zima limekaa chini, limeshika punje moja kwa vidole viwili, limeitikisa sikioni, macho limefumba. "Hii inasema. Hii hapana sema." Mkongo wao akawa anaimba, "Batoto, kuyeni, kahawa haina miguu!" Jioni mafungu yakawa matatu. Jani, fimbo, jiwe.

Mzee Bwambale akaitisha mkutano palepale. Akasema mtu anayekiri kosa na kulitengeneza kwa mikono yake anaweza kuaminiwa na uwanja. Ikapitishwa kwamba Jumamosi baada ya chakula cha mchana sakafu ni ya mpira, kwamba anayecheza ndiye anayepanga kahawa, na kwamba pete zile zisishushwe na mtu yeyote ila kwa mkutano wa wanachama wote. Macho ya mzee hayakuona vizuri kuandika, akauliza nani ana mwandiko mzuri. Wakamsukuma mbele Kule. Akaandika, huku Ngazi amemsimamia nyuma kama mlingoti. Mwandiko ule ndio uliompa jina. Walimchukua kuwa karani, karani akawa katibu.

Mwaka uliofuata mgodi ulijenga uwanja wake upya, timu ikarudi kwao. Pete zikabaki kwetu. Tulizichezea mpaka matiti yakatuota, na baada yetu wadogo zetu, na baada yao Masika wangu, ambaye ana miaka saba na mkono wake tayari unajua njia. Ile timu ilitawanyika kidogo kidogo. Ngazi alirudi kwao kaskazini, na tangu miaka hii ya utawala wa wanajeshi ianze hatujasikia habari zake. Hapo siandiki zaidi.

Vijana wa leo siwachukii, nawaonea huruma. Suruali zao zinafagia njia, chini zimeachia upana wa sketi mbili. Viatu vyao ni vya ghorofa, wakikanyaga sakafu yetu ile watahitaji kubebwa. Wanatembea redio sikioni. Sisi sikioni tuliweka kahawa, na tulisikia vizuri zaidi. Mwambie kijana wa leo aitikise punje akwambie imekauka ama bado, atakuuliza inapatikana stesheni gani.

Lakini wadogo, wale wa umri wa Masika, sikubali waharibiwe. Kwa wiki nne hizi Kule amekuwa akiwaita kila Jumamosi alfajiri, kama desturi, wakusanye kahawa, waipange mafungu matatu. Wakimaliza anawafukuza. Kazi yao anaitaka, mpira wao hautaki. Nilipomwuliza akanijibu, "Mpira unaharibu kahawa, Kabugho. Watoto wanachanganya." Alinitazama usoni akilisema hilo. Mimi! Nilinyamaza kwa heshima ya Ngazi, kama nilivyonyamaza miaka yote. Baba wa watoto wangu alipenda ninyamaze zaidi. Alisema, "Katibu ni mtu mkubwa." Nikamwambia namjua tangu kaptula yake ina matundu.

Kisha nikaikuta pete chini ya maharage.

Pale gombolola askari wa mlangoni alinizuia. "Mama, hiyo chuma ya nini?"

"Kielelezo, afande."

"Kielelezo ya kesi gani?"

"Ya mpira."

Akacheka, akamwita karani, karani naye akacheka, akasema maneno ya mdomo hayafunguliwi faili, kama nina shauri niliandike. Alidhani atakuwa amenimaliza. Nikaomba karatasi na kalamu. Nikakaa kwenye benchi, nikamtoa Biira mgongoni nikamnyonyesha, Masika akanishikia karatasi isipeperuke, na nikaandika haya, wakayapokea, wakayapiga muhuri:

*Kwa Chifu wa Gombolola, Bwera.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KATIBU WA CHAMA CHA KAHAWA*

*Mheshimiwa,*

*Mimi Kabugho, mama wa Masika na Biira, binti wa marehemu fundi aliyetengeneza pete za uwanja, nalalamika rasmi kama ifuatavyo.*

*Kwanza, katibu ameshusha pete mbili za mpira wa kikapu bila mkutano wa wanachama. Moja nimeikuta leo ikipikiwa maharage Mpondwe. Ya pili aseme iko wapi.*

*Pili, yako makubaliano katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano kwamba pete hizo hazishushwi na mtu. Naomba kitabu kiletwe mbele yako na katibu akisome mwenyewe. Hatapata shida kukisoma. Mwandiko ni wake, alipokuwa darasa la sita.*

*Tatu, katibu anasema watoto wanachanganya kahawa. Katika maisha yangu kahawa ya sakafu ile imechanganywa siku moja tu. Waliochanganya ni Kule, ambaye leo ni katibu, na mimi. Alitoa shauri yeye, reki nilivuta mimi. Watu wengine walibeba lawama na wakapiga magoti kwa ajili yetu. Nilinyamaza mpaka leo, na kwa kunyamaza huko najishtaki pamoja naye. Adhabu yoyote utakayotoa, tugawanye nusu kwa nusu.*

*Nne, naomba pete zote mbili zirudi juu, na azipandishe katibu kwa mikono yake, mchana, watoto wakitazama.*

*Tano, hadi hapo watoto wa Bwera hawatagusa reki. Mama zao nimeshaongea nao njiani. Jumamosi ikifika na pete hazipo, kahawa itakaa ilipo, na mvua ikija iikute.*

*Naacha ofisini kwako pete moja ya chuma, yenye bapa na vivimbe vitatu. Isioshwe masizi mpaka katibu ameiona.*

*Ni mimi mlalamikaji,*
*Kabugho.*